Makombo ya Upepo

Leo nimefuta mnara nambari kumi na saba mara tatu.
Kila nikiufuta, simu inalia kutoka Chake:
"Salhina, umetuibia megawati kumi na mbili."
Sijaiba. Nimeusogeza,
upana wa mapanga matatu kuelekea mashariki,
kwenye maji yasiyo na jina katika ramani yangu
ila wachokoa pweza wa Maziwang'ombe wanayaita Mlango wa Shoga.

Mashamba mawili, wenyewe wawili.
La kusini wamelichora wenye fulana za buluu.
La kaskazini ni la wale wasiogusa chai ya ofisi
mpaka wajue nani kailipia.
Kati yao kilomita nne za maji,
na mimi, chumba cha juu, Wete,
nimekandamiza karatasi kwa jiwe la ratili
feni isije ikazipanga upya.

Mkutanoni Micheweni niliwaeleza hivi:
panga likishazunguka, upepo si ule tena.
Umefanya kazi, umechoka,
unatokea nyuma ukipepesuka kama aliyeamshwa usingizini,
na hutembea mbali kabla ya kurudiwa na nguvu zake.
Aliye nyuma hula makombo.
Wataalamu wana neno refu kwa jambo hili.
Niliposema makombo,
hata karani wa shehia aliyekuwa akisinzia aliinua kichwa.

Tumefunzwa jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.
Kwenye upepo, mniwie radhi, ni kinyume.

Bwana Shaame wa fulana za buluu akasimama:
"Miezi ya kusi sisi mbele, wao nyuma.
Miezi ya kaskazi wao mbele, sisi nyuma.
Leo wewe, kesho mimi. Mnataka haki gani nyingine?"
Akapigiwa makofi.
Lakini ninalo daftari la mwaka mzima la mlingoti wa Kiuyu:
kusi lina miezi mingi na kifua kipana;
kaskazi huja, ila hukohoa.
Zamu haiwi sawa kama sahani si sawa.

Mama alipanda mwani Tumbe, nyuma ya vigingi vya Bi Raya.
Maji yakijaa yalipita kwa Bi Raya kwanza.
Mwani wake ukanenepa kama kidole gumba,
wa mama ukawa uzi wa kushonea kofia.
Hawakugombana. Waliacha tu kuazimana chumvi,
mwaka mzima.
Kisha asubuhi moja, bamvua, maji yametoka mbali,
mama aking'oa vigingi vyake kimoja kimoja
akavihamisha nusu hatua,
kamba zake zikakaa mkabala na nafasi za jirani,
kama meno ya zipu.
Bi Raya alisimama, ndoo kichwani.
"Na mimi nikisogeza?"
"Sogeza, tuone maji yatasemaje."

Nami nimehamisha safu ya pili nusu hatua.
Kompyuta imefikiri usiku kucha
kwa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga
kuja kupima upepo unaotupita dirishani.
Alfajiri ikajibu: hasara ilikuwa kumi na moja katika mia,
sasa ni saba.
Saba si sifuri. Saba ya nani?
Hapo kompyuta hunyamaza, na mimi ndipo ninapolipwa.

Nyumbani, jirani wa mbele amepandisha ghorofa.
Pazia langu, lililozoea kuingia chumbani bila hodi,
sasa limening'inia kama kanga iliyosahauliwa kambani.
Hakuniuliza.
Wala mimi sikumuuliza aliye nyuma yangu
siku nilipopandisha tangi la maji juu ya paa.

Nambari kumi na saba bado iko kwa penseli.
Kesho, kabla ya simu ya Chake,
nitaanza na hodi ya mlango wa nyuma.